Tatu kapanda mlima huko Réunion, shangazi hajalala Lindi

Kikundi: UKOO WA BIBI SOMOE (Lindi, Mtwara, Newala)

IJUMAA USIKU

Tatu: Shikamooni wakubwa wote, habari za huko. Nawajulisha tu kesho na keshokutwa mkinipigia sipatikani msiwe na wasiwasi, tunapanda mlima na wenzangu wa kozi, huko juu mtandao unakata kata

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Mlima gani tena, si umeenda kusoma kifaransa ww

Tatu: Nasoma shangazi ila jmosi na jpili hakuna vipindi. Unaitwa Piton des Neiges, upo katikati ya hiki kisiwa cha Wafaransa nilichopo, Réunion, mashariki ya Madagaska, mita 3,071, hata Madagaska na ukubwa wake wote haina mlima wa kuufikia

Dulla: 😳 Milima yetu ya Rondo hapa Lindi ni ngapi kwani

Mjomba Bakari: Rondo haifiki hata elfu moja kijana. Usitutie aibu

Shangazi Zuhura: Sasa huko juu mnafata nini? Kuna shamba? Kuna soko?

Tatu: Kuangalia jua linavyochomoza shangazi 🙈

Shangazi Zuhura: Jua. Mtoto wa kike apande mlima usiku kufata jua. Hapa Lindi linatoka baharini kila siku, unalitazama umekaa barazani na chai yako mkononi

Dulla: 😂😂😂 nimedondosha simu

Mama Nasra: Shangazi wacha atembee bwana, akishaolewa ataenda wapi

Baba Mdogo Newala: Wanyama wapo? Maana tembo tunawajua ss watu wa kusini, akikufata hakuna cha jua wala mwezi

Tatu: Hakuna baba mdogo. Simba hakuna, tembo hakuna, hata nyoka wa sumu hakuna. Cha kuogopa ni hali ya hewa na kuteleza basi. Ni hifadhi ya taifa kabisa ila haina geti haina kiingilio, unaingia tu kama unaenda kwa jirani kuomba chumvi. Waliianzisha 2007, mwaka 2010 UNESCO wakaiweka urithi wa dunia, na si kieneo kidogo eti, asilimia 42 ya kisiwa kizima ni hifadhi

Baba Mdogo Newala: Haina kiingilio??

Dulla: Sasa hao wafaransa wanakula wapi

Tatu: Wanakula kwenye malazi na msosi 😭 kila kitu yuro, mkate mmoja wenye vitu ndani na soda ushapoteza nauli ya kwenda Dar

Mama Nasra: Sweta unalo? Baridi la huko sio la Mtwara

Tatu: Ninalo moja, na dada mmoja mngazidja wa Komoro niko nae darasa moja kaniazima koti la mvua. Huyo dada tunaelewana hadi raha, mi naongea kiswahili changu yeye kingazidja chake tukikwama ndo tunakumbuka kifaransa. Mwezi wa nane huku ni kipupwe, juu kule alfajiri joto linashuka mpaka karibu na sifuri

Shangazi Zuhura: Sifuri. Haya. Mi nasoma ayatul kursi nalala, mjadiliane na baba zako

JUMAMOSI

Shangazi Zuhura: Tatu mmefika?

Shangazi Zuhura: Tatu

Dulla: Shangazi kasema mtandao hakuna

Shangazi Zuhura: Najua alichosema. Naita tu

Mjomba Bakari: Zuhura mtoto yuko na watu, njia ya huko ina alama na kibanda cha kulala wapandaji kipo njiani. Pumzika

Mama Nasra: Kwa wanaohitaji nina samaki aina ya changu wabichi wa leo, nipo Mikindani hadi saa kumi

Dulla: Admin matangazo ya biashara yanaruhusiwa?

Mama Nasra: Dulla ulikula samaki wangu kwa mkopo tangu lini 🙂

Dulla: Nimefuta kauli

JUMAPILI USIKU

Tatu: NIPO HAI 😂😂 Shikamooni. Nimerudi Saint-Denis saa hii hii, magoti hayataki kukunja, nashuka ngazi za hosteli kinyumenyume

Shangazi Zuhura: Alhamdulilah. Umekula?

Tatu: Nimekula shangazi. Ngoja niwahadithie yote nikiwa bado nina bando

Tatu: Jana tulipanda basi hadi Saint-Louis, pale unabadilisha unachukua la Cilaos. Hiyo barabara jamani, wenyewe wanaiita ya kona mia nne, mlima huku korongo huku na kuna mahandaki wamechimba kwenye mwamba basi linapita kwa kunyatia, dereva anapiga honi kabla ya kona alafu anaingia, mimi nimefumba macho yule dada mngazidja ananicheka. Cilaos kamji kazuri kako ndani ya bonde lililozungukwa na kuta za milima pande zote, ni volkano ya zamani iliyochoka ikabomoka na mvua ikachimba, ndo yakabaki mabonde matatu makubwa, Cilaos, Salazie na Mafate, na huo mlima wetu umesimama katikati yao

Tatu: Njia inaanzia juu kidogo ya mji, pale uko kama mita 1,380 hivi, na kibanda cha kulala kiko mita 2,478. Kwa hiyo ni kupanda tu, hakuna tambarare ya kusema upumue, ngazi za magogo na mawe ndani ya msitu, kila ngazi ina urefu wake, moja inafika kifundo nyingine inakufika goti. Mwanzo tulikuwa tunaongea. Baada ya saa moja kimya, unasikia pumzi za watu tu na matone ya ukungu kwenye majani. Kuna mzee wa kifaransa katupita ana fimbo mbili umri wake kama wa mjomba, katupa bonjour kapotea

Mjomba Bakari: Umri wangu umeingiaje hapo

Dulla: 😂😂😂

Tatu: Samahani mjomba 😂 nakusifia. Sasa kuna kandege kanaitwa tec-tec, kadogo kama ngumi ya mtoto, kifuani karangi ka chungwa kichwa cheusi, hakana woga hata kidogo. Ukikaa kupumzika kanakuja kwenye jiwe la pembeni yako, kanachezesha mkia, kanakuangalia mkate wako. Ukiinuka kanaruka hatua chache mbele kanakusubiri. Kametufata mpaka msitu ukaisha vikaanza vichaka vifupi vya baridi

Shangazi Zuhura: Hako ndege au kitu kingine? 🤔 Mi mambo ya milimani nayaogopa

Tatu: Ndege wa kawaida shangazi, wako wengi

Shangazi Zuhura: Chakula cha huko halali?

Tatu: Hapo ndo palikuwa na kazi. Usiku pale kibandani wanapika mnakula meza moja, na chakula chao cha wageni ni soseji za nguruwe na mchuzi wa nyanya, wanaiita rougail. Ss tulisema mapema wakatupa wali na dengu na mayai. Hizo dengu zinalimwa Cilaos penyewe, vidogo vidogo vya kahawia, shangazi ungetia nazi pale hadithi nyingine. Ila msidhani waislamu hakuna, Saint-Denis kuna msikiti mkubwa wa tangu 1905, wahindi wa Gujarati ndo walioujenga, naswali ijumaa pale

Shangazi Zuhura: Ahaa. Hapo nimekuelewa

Tatu: Tukaamshwa saa tisa na nusu usiku. Baridi sijawahi. Kila mtu tochi kichwani, ukiangalia juu unaona mstari wa taa unajinyonganyonga hadi unachanganya na nyota hujui ipi taa ipi nyota. Sehemu hiyo haina mti tena, ni mawe na changarawe ya volkano nyekundu na nyeusi inayoteleza, unafata alama nyeupe za rangi walizopaka kwenye mawe, ukiikosa alama unasimama unarudi kwenye ya nyuma, ndo utaratibu. Mita mia sita nyingine za kupanda hizo. Kileleni watu wamepanga mawe kama viukuta vya kuzuia upepo, tukajibanza nyuma ya kimoja tukaswali alfajiri tunatetemeka, vidole vya miguu sivisikii

Tatu: Alafu likatoka. Sina la kusema sana, (picha) (picha) (picha). Bahari iko chini pande zote unaona kabisa kisiwa ni kisiwa, mawingu yametanda chini yako mabondeni, na upande wa kusini mashariki ile volkano nyingine inayowaka, Piton de la Fournaise. Ila kilichonishtua ni upande wa pili tulioupa mgongo, kivuli cha mlima wenyewe, pembetatu kubwa iliyonyooka imelala juu ya mawingu hadi baharini, na sisi tumo ndani ya ncha yake

Baba Mdogo Newala: Mashaallah. Hii picha ya kivuli naiweka status

Mama Nasra: Naona pua imekuwa nyekundu 😂

Dulla: Dada kuna volkano INAYOWAKA na unaitaja kama unataja stendi ya basi

Tatu: Inawaka ndio, ni kati ya zinazolipuka mara nyingi zaidi duniani. Ila haivizii watu, ikianza kuonyesha dalili wanafunga geti la kushukia bondeni kwake, watu wanaangalia kwa mbali. Mwaka 1977 uji wa moto ulishuka hadi kijijini Sainte-Rose, ukafika kanisani, ukaingia mlangoni ukasimama hapo hapo, ukapita pembeni huku na huku. Kanisa lipo hadi leo

Shangazi Zuhura: Subhanallah. Tatu huko usiende

Tatu: 🤐

Shangazi Zuhura: Nimeona hicho kidude. Usiende

Baba Mdogo Newala: Mi nina swali moja tu sio kwa ubaya. Bibi zetu hapa Newala kabla ya maji ya bomba walikuwa wanashuka bondeni kuchota maji alfajiri, unapanda ule ukingo na mtungi kichwani, hakuna aliyewapiga picha. Leo watu wanalipa yuro wapande waumie. Nyie vijana mmepatwa na nini

Dulla: Baba mdogo kapiga penyewe

Tatu: Baba mdogo hata mi nilijiuliza nikiwa kwenye ngazi za mia mbili huko. Ila huku pia kuna watu wanaotembea kwa shida sio kwa starehe, jumamosi ijayo tunaenda Mafate nitakwambia

JUMAPILI ILIYOFATA

Tatu: Baba mdogo upo? Nimetoka Mafate

Baba Mdogo Newala: Nipo, nasikiliza

Tatu: Mafate ni lile bonde la tatu. HAKUNA BARABARA. Kabisa. Gari halifiki, pikipiki haifiki, unaingia kwa miguu au helkopta. Na watu wanaishi humo, mia kadhaa, wana shule, wana duka, umeme wao wa sola

Dulla: Bodaboda haifiki? Nchi gani hiyo

Tatu: Hata ww na ubishi wako hupiti 😂 Tuliingilia Col des Bœufs, tukapita msitu wa tamarini, sio ukwaju huu wa kwetu, ni mti wao wa milimani, vimbunga vimeilaza ikaendelea kukua hivyo hivyo imejipinda, mwingine umelala chini kabisa alafu umeinuka tena. Masaa mawili hivi unafika kijiji kinaitwa La Nouvelle. Tukiwa tunakunywa chai kwa mama mmoja ikaja helkopta, chini yake inaning'inia wavu una mitungi ya gesi na mifuko ya simenti, ikashusha pale uwanjani, vumbi, kuku wanakimbia, mama hata hajageuka, anakoroga maharage yake kwenye jiko la kuni. Nikamuuliza mbona una gesi unapikia kuni, akasema gesi ya wageni, ya kwake ni kuni maana mtungi ukishapanda helkopta bei inapanda nao

Mama Nasra: Huyo mama mimi 😂😂

Tatu: Zamani barua zilikuwa zinaletwa na mtu wa posta kwa miguu, anazunguka vijiji vyote na mfuko mgongoni. Mgonjwa wa haraka anabebwa na helkopta. Watoto wakimaliza shule ya msingi wanatoka nje ya bonde kusoma, wanarudi wikiendi kwa miguu na mabegi. Tulipishana nao, wanashuka mbio na ndala, sisi na viatu vyetu vya bei tunatambaa

Baba Mdogo Newala: Hapo sawa. Hao ndio watu. Lakini kwa nini wakae shimoni huko, nani aliwapeleka

Mjomba Bakari: Hapo ngoja niingie, nilikuwa nasoma kimya kimya. Tatu umeuliza wenyeji wa kwanza wa huko walikuwa kina nani?

Tatu: Wanasema watumwa waliotoroka mashamba ya pwani mjomba. Walikuwa wanakimbilia mabonde hayo maana mzungu hawezi kupanda haraka. Milima mingi ya huku ina majina yao au hadithi zao, kuna kimoja Salazie kinaitwa Piton d'Anchaing, wanasema Anchaing alitoroka na mkewe Heva wakaishi juu kule miaka. Na kulikuwa na wawindaji wa kulipwa wa kuwasaka, mmoja jina lake Mussard mpaka leo watu wanamtaja

Mjomba Bakari: Sawasawa. Sasa nyie vijana wa Lindi sikilizeni, hili linatuhusu na halisemwi vya kutosha. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa anaitwa Morice alikuja KILWA, hapa hapa mkoani kwetu, akafunga mkataba na sultani apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Walikuwa wanapelekwa visiwa vya Wafaransa, Morisi na hicho ulichopo wewe, enzi hizo kikiitwa Bourbon. Kulima kahawa, baadae miwa. Watu waliokamatwa bara yetu hii, huko kwa baba yako mdogo, hadi ziwa Nyasa, wakashushwa pwani wakapakiwa. Nimefundisha historia maisha yangu yote na kila nikifika hapo darasa linanyamaza maana mtoto anajua Kilwa ni magofu na watalii, hajui kama kuna watu walitoka hapo wakaenda kufia kwenye miwa ya watu

Mjomba Bakari: Na waliotoroka walipanda milima hiyo hiyo unayopanda, bila tochi ya kichwani

Dulla: Duh

Mama Nasra: Mjomba umenisisimua mwili

Baba Mdogo Newala: Kwa hiyo hao wa Mafate inawezekana ni ndugu zetu

Mjomba Bakari: Wamechanganyika sana, Wamalagasi, watu wa Msumbiji, wahindi, na wazungu maskini nao walihamia huko juu baadae. Lakini damu ya pwani hii imo, hilo halina ubishi

Tatu: Mjomba sikukwambia, yule mama wa chai kaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, kusini. Kaniangalia usoni muda mrefuuu alafu akasema mbona unafanana na binti wa dada yangu. Nikachukulia ni maneno ya kumchangamsha mgeni. Sasa hivi nimekaa kitandani nafikiria

Shangazi Zuhura: Ungemsalimia kwa niaba yetu

Tatu: Utumwa huku uliisha tarehe 20 desemba 1848, waliachiwa zaidi ya 60,000, ni sikukuu kabisa hakuna kazi siku hiyo, ngoma usiku kucha. Kozi yetu itakuwa imeshaisha, ningetamani kuiona

Baba Mdogo Newala: Swali langu la wiki iliyopita nalipunguza makali. Ila sio lote

Tatu: 😂 nakubali baba mdogo, wapo wanaoniacha hoi na mimi. Mwezi wa kumi huku kuna mbio watu wanavuka kisiwa chote usiku na mchana, zaidi ya kilomita 160, wanapita hiyo hiyo Mafate na Cilaos, wenyewe wanaiita mbio za vichaa

Dulla: Angalau wanajijua

Shangazi Zuhura: Mvua huko ikinyesha hao wa bondeni wanafanyaje

Tatu: Wanabaki ndani hadi iishe, njia zinafungwa. Shangazi mvua ya huku usiiombe, mwaka 1966 juu kule kwenye volkano ilinyesha milimita 1,825 ndani ya siku MOJA, rekodi ya dunia, kwetu Lindi mwaka mzima haifiki. Ndo maana tumekuja kipupwe. Kuanzia desemba ni vimbunga, na kituo kinachofatilia vimbunga vya upande wetu huu wa bahari ya Hindi kipo hapa hapa Saint-Denis, hata kile cha Kenneth 2019 walikuwa wanakiangalia kutoka hapa

Mama Nasra: Kenneth usinikumbushe, tulilala shuleni na watoto na magodoro kikaenda kupiga Msumbiji

Mjomba Bakari: Na 1952 Lindi tulipigwa kweli kweli, wazee walikuwa wanahesabu umri kwa hicho kimbunga

Mjomba Bakari: Tatu nina ombi. Hapo Saint-Denis wana nyumba ya nyaraka za kale za kisiwa. Ukipata nafasi ingia, uliza orodha za meli zilizotoka Kilwa, miaka ya 1770 na 1780. Kifaransa unacho. Piga picha chochote watakachokuruhusu nitumie

Dulla: Kozi ndani ya kozi 😂

Tatu: Nitaenda mjomba, jumatano mchana hatuna kipindi. Ila wanaweza kutaka barua ya chuo, nitamuomba mwalimu wetu

Mjomba Bakari: Omba. Na andika jina la meli, tarehe, na idadi ya watu. Majina ya watu hutayakuta labda waliyobatizwa, lakini ukikuta hata moja la kwetu nipigie usiku huo huo hata kama nimelala

Tatu: Sawa mjomba

Shangazi Zuhura: Hiyo nyumba ya nyaraka iko mlimani au chini?

Tatu: Chini shangazi, mjini kabisa, basi linashusha jirani

Shangazi Zuhura: Huko nenda hata kila siku